Mtazamaji wa Kwanza

Pindo alikuwa fundi cherehani mwenye mkono, na hilo hata wabaya wake walilikubali kwa shingo upande. Jina la Pindo alipewa na baba yake akiwa binti mdogo, kwa vile alijua kupinda nguo kabla hajajua kusoma. Baba naye alikuwa fundi, futi kamba shingoni kutwa nzima, mtu mgumu asiyesifu kitu. Walishona pamoja miaka nenda miaka rudi, mpaka siku Pindo alipobeba cherehani yake akaenda kufungua duka lake mtaa wa pili, na nusu ya wateja wakamfuata. Mzee alisema neno moja tu: "Umenivua nguo mbele za watu." Tangu hapo, kimya. Simu hakuna, salamu hakuna, hata misibani kila mtu alikaa upande wake.

Ila kilibaki kitu kimoja. Kila alfajiri Pindo aliipiga picha nguo aliyoimaliza jana yake, akaiweka stetasi kwenye simu, na kabla ya mtu mwingine yeyote jina la baba lilikuwa la kwanza miongoni mwa walioona. Haandiki kitu. Anaona, basi. Pindo akiliona jina lile anasema peke yake, "Shikamoo, baba," halafu anakalia cherehani. Aliamini iko siku salamu hiyo itatoka kwenye simu na kuingia mlangoni, na hakuomba zaidi ya hapo.

Halafu likaja balaa la zipu. Bibi harusi mmoja aliyeshonewa gauni na Pindo, aliyepimwa akiwa mwembamba akanenepa bila kumwambia mtu, aliinama kukata keki, na zipu ikaachia mgongo mzima. Mtu akarekodi. Watu wa siku hizi, jamani, hata nyumba ikiungua watarekodi kwanza! Kufikia jioni video ilikuwa imezagaa kila mahali, na Pindo ameshabatizwa jina la Fundi Zipu. Watu wasiomjua walimtukana yeye, wakaitukana mikono yake, wakamtukana na mama yake aliyekwisha kufa. Naye badala ya kuiweka simu chini akawa anasoma yote, halimpiti hata moja. Alilala nayo chini ya mto na kuamka nayo. Chakula kikamshinda, uzi haupiti tena kwenye tundu la sindano.

Aliyeingilia kati ni shoga yake, msusi wa chumba cha jirani.

"Wewe utajiua! Hao wanaokutukana, kuna hata mmoja aliyewahi kukuletea uji ukiwa mgonjwa? Lete hiyo simu."

"Na baba?"

"Baba ana miguu. Duka lako limehama?"

Pindo akaona ni kweli. Tena moyoni likamwingia wazo la kitoto, kwamba baba akikosa cha kuona kwenye simu, huenda akaja kuangalia kwa macho yake. Akaitoa simu, na msusi akaifungia kwenye kabati la mafuta ya nywele. Yeye akabaki na simu ya vitufe yenye laini mpya, ya wateja tu.

Na nisiwafiche, ilimsaidia. Siku za mwanzo mkono ulikuwa ukienda wenyewe mfukoni kutafuta simu isiyokuwepo, na alikuwa mkali kama pilipili. Baadaye usingizi ukarudi. Akala, akashiba, akaanza kucheka na msusi kupitia dirishani. Ila kila kivuli kilipopita mlangoni aliinua kichwa, na kila mara alikuwa mteja tu. Baba hakuja.

Aliyekuja ni kaka yake, dereva wa malori, mtu wa kuonekana kwa nadra. Alisimama mlangoni, hata kiti alichovutiwa hakukikalia.

"Baba ameanguka. Kiharusi. Upande mmoja hauna kazi, na maneno hayatoki. Hospitali wameturuhusu, yuko nyumbani."

Nguo ilimponyoka Pindo. "Mbona hamkuniambia?"

"Kwa namba ipi? Tena mzee mwenyewe, kabla hajaanguka, alikataza jina lako lisitajwe mle ndani. Pindo, kwa nini ulimficha?"

"Nilimficha nini?"

"Stetasi zako. Alinishikisha simu akaniuliza, 'Mbona sioni tena kazi za Pindo?' Nikamwambia mtu akiamua, anaweza kukuficha wewe peke yako, wengine wote wakaona. Akauliza, 'Mimi peke yangu?' Nikamwambia inawezekana. Hakuuliza tena."

"Na wewe uliangalia kwenye simu yako kama unaziona?"

Kaka aliinamisha kichwa. "Nilikuwa na safari."

Safari! Pindo alitamani kumpiga na rula ya mbao iliyokuwa mezani. Badala yake alikimbia kwa msusi kuichukua simu yake, akamfuata kaka huku hata viatu havijakaa sawa miguuni.

Mzee alikuwa amelazwa ubavu, mdomo umekwenda upande, na shingoni hakuna futi kamba. Pindo hakuwahi kuiona shingo ile ikiwa tupu. Akapiga magoti kando ya kitanda.

"Shikamoo, baba. Sikukuficha. Sikuweka picha kwa mtu yeyote. Niliumwa, baba, kichwa kilikuwa kinaniuma na maneno ya watu, nikaacha vyote."

Mzee alimtazama kitambo, kisha akajigeuza kuelekea ukutani.

Pindo akatoka kwenda sebuleni akilia, na akili ikamtuma kule kule ilikozoea. Akauona mkasi wa baba umetundikwa ukutani, akaupiga picha, akauweka stetasi na maneno haya: "Baba, mimi hapa." Akakaa, akasubiri. Wakaanza kuona. Dada wa yule bibi harusi. Mteja wa zamani. Mtu akaandika, "Fundi Zipu kafufuka!" akaweka na vicheko. Akasoma, na hakuacha. Alifungua, akafunga, akafungua tena.

"Unaangalia nini saa hizi?" kaka akauliza.

"Namsubiri baba aone."

"Aone na nini? Simu yake ninayo mimi, imezimwa siku nyingi. Alinipa mwenyewe kabla hajaanguka, akasema haina kazi tena." Kaka aliitazama simu ya Pindo. "Kumbe alikuwa anaichaji kwa ajili yako tu."

Pindo aliizima simu yake, akaiacha juu ya meza. Akarudi ndani, akavuta kigoda hadi karibu na ule mgongo uliomgeukia.

"Baba, nikusimulie basi," alisema. "Baada ya ile picha ya mwisho uliyoiona nilishona gauni la kijani, mikono mirefu. Kiunoni lilinisumbua, nikalifumua mara mbili. Halafu suruali za watoto wa shule. Halafu koti, baba, koti zima na bitana yake, nililikata kama ulivyonifundisha."

Akaendelea hivyo, nguo moja baada ya nyingine, hadi sauti ikamkauka. Mgongo ule ulipanda na kushuka taratibu, na hapakuwa na alama yoyote ya kumwonyesha kama baba amesikia.