Siku Redio Alipozimwa Bwawani

Mtaa mzima ulimwita Redio, na hakuna aliyemwonea kwa kumpa jina hilo. Alikuwa kinyozi, na ukikaa kwenye kiti chake ujue unalipia mambo mawili: nywele na habari. Mkono mmoja una mashine, wa pili unachora hewani jinsi lori lilivyopinduka, na wewe pale chini, shuka shingoni, unamwomba Mungu asije akachanganya mikono. Watu walimpenda. Ila kumwamini, thubutu! Ajali ya baiskeli ikiingia saluni kwake asubuhi, jioni ilitoka treni.

Sasa Mungu naye ana vituko. Akamwozesha binti wa mtu ambaye hakutia chumvi hata kwenye mchuzi. Baba mkwe alikuwa fundi mizani, na sokoni walimwita Mzee Ratili. Mizani yote ya wauza nyama, wauza sukari na wauza misumari ilipita mikononi mwake, na akikuambia hii ni robo, basi ni robo, kalale. Maneno yake pia aliyapima. Salamu, jibu la salamu, kwaheri, kwisha.

Starehe yake ilikuwa moja tu, kuvua karpi katika bwawa lililo nje ya mji. Karpi ni samaki wa maji matulivu, mnene, mwenye magamba makubwa na visharubu mdomoni, na ana akili kuliko wavuvi wengi. Na mzee alikuwa na hadithi moja tu maishani. Siku moja alimvuta karpi mkubwa kuliko wote, akamleta mpaka ukingoni, masharubu yakamgusa kiatu, la kushoto fupi kuliko la kulia, na hapo hapo mshipi ukakatika. Alimpa jina la Mzee Sharubu. "Kilo kumi na mbili," alikuwa akisema. "Nilizisikia mkononi." Hakuwa na shahidi wala picha, lakini nani angembishia fundi mizani?

Redio, nani mwingine. Tena siku ya harusi yake mwenyewe. Alishika kipaza sauti kushukuru, akashukuru mpaka watu wakaanza kutazama saa, na alipoona ukumbi unasinzia akatafuta la kuwaamsha. "Baba mkwe wangu," akasema, "anatengeneza mizani ya soko zima, lakini samaki wake hapimwi na mizani yoyote, maana kila akisimuliwa anaongezeka kilo!" Ukumbi ulivunjika mbavu. Mashemeji, wale kaka wawili wa bibi harusi, walipigapiga meza. Mzee Ratili akaweka glasi yake chini taratibu, akachukua kofia, akatoka. Tangu siku hiyo hakuwahi kukanyaga nyumbani kwa binti yake. Ulimi ulishamponza mwenyewe.

Mwaka ukaisha. Mke wa Redio sasa alikuwa na mimba pevu, miguu imevimba, na subira imekwisha kabla ya miezi yake.

"Sikiliza," alimwambia mumewe, mkono kiunoni. "Mtoto huyu hazaliwi katika nyumba ambayo babu yake hajui mlango wake. Ulibomoa wewe, utajenga wewe."

"Nijenge vipi, mke wangu? Mtu hapokei hata simu yangu!"

"Nimeshazungumza naye. Atakupeleka bwawani Ijumaa, akufundishe kuvua. Lakini ana sharti. Tangu mfike majini mpaka atakapofunga mkoba wa vifaa, usitoe neno. Hata moja. Ukiweza, Jumapili anakuja kula hapa. Ukishindwa, tusimtafute tena."

Redio akacheka. "Kunyamaza tu? Hata maiti anaweza!"

Mkewe hakucheka. "Maiti anaweza. Wewe ndiye sina uhakika naye."

Ijumaa alfajiri wakaondoka, mzee na mkoba wake, Redio na mkate mtamu wenye zabibu kavu ambao mkewe alimwokea baba yake. Njia nzima Redio aliuliza maswali kama mtu anayejaza tenki kabla ya safari. Karpi anakula nini? Analala? Kwa nini ndoana ndogo hivi na samaki mkubwa vile? Na masharubu ni ya nini, majini kuna harusi? Mzee alijibu kwa kipimo chake. Karpi hana haraka. Ana masikio, anasikia hatua, anasikia kikohozi. Anaonja chambo, anatema, anaonja tena. Na samaki akinasa usimvute kwa pupa, mwache akimbie. Walipofika langoni mwa bwawa mzee akainua kidole kimoja, na Redio akazimwa.

Mwanzo haukuwa mzuri. Alipewa fimbo arushe mshipi, akairudisha nyuma kwa nguvu zote za mtu asiyeweza kulalamika, akairusha mbele, na ndoana ikapita na kofia ya mzee. Kofia iliruka vizuri sana, ikatua katikati ya maji, ikaelea. Mzee Ratili aliitazama, kichwa wazi, kipara kikimetameta. Redio alikuwa na vichekesho visivyopungua vitano kuhusu kipara kile, na kila kimoja kilimpanda kooni kikarudi. Aliuma midomo mpaka machozi yakamtoka. Mzee akavuta mshipi, akaikamua kofia yake, akaivaa mbichi. Kisha akarusha mwenyewe, akaegemeza fimbo kwenye kijiti chenye panda, wakakaa.

Wakakaa. Wakaendelea kukaa.

Hakuna aliyewahi kumwambia Redio kwamba kuvua karpi ni kukaa. Mdomo wake, uliozoea kazi tangu asubuhi, ulianza kutafuta kibarua kingine. Karibu na goti lake palikuwa na kopo la mahindi yaliyochemshwa na sukari na vanila, laini, yananukia. Akaonja punje moja. Lo! Mzee kumbe anajua kupika. Akachukua nyingine, na nyingine, akaamini sasa kwamba baba mkwe, kwa ukali wake wote, amemkumbuka na kifungua kinywa. Moyo wake ulimlainika kabisa.

Mzee aliponyoosha mkono abadilishe chambo, kopo lilikuwa na punje tatu. Akalitikisa. Akalichungulia. Akageuza shingo polepole, akamkuta mkwewe anatafuna.

"Hicho," alinong'ona, "kilikuwa chambo. Nimekiloweka tangu Jumatano."

Redio akafungua mdomo ajitetee, akaiona Jumapili mbele ya macho yake, akaufunga. Akapapasa mfuko wa karatasi, akautoa ule mkate, akamkabidhi mzee kwa mikono miwili. Mzee akaunusa. Ulikuwa mkate wa marehemu mkewe, binti ameufuata vilevile, zabibu kwa zabibu. Alisita. Kisha akamega kipande, akakilowesha, akakifinyanga kidonge, akakichomeka kwenye ndoana. Kilichobaki akakikunja vizuri, akakiweka mbali na mkwewe.

Baadaye chai ya alfajiri ikamdai mzee, akainuka akaelekea vichakani. Na bila shaka ni hapo, si kabla wala si baada, ndipo fimbo ilipopinda.

Ilipinda mpaka ncha ikanusa maji. Kijiti kikang'oka. Redio akairukia fimbo ikiwa tayari imeanza safari, akaikumbatia, akafungua mdomo apige ukelele ambao ungesikika mjini. Neno "Baba!" lilikuwa limeshafika kwenye meno. Akamwona mkewe, mkono kiunoni. Akalimeza, likashuka kwa shida kuliko mfupa.

Afanye nini? Akirudi nyuma kuelekea vichakani, samaki anamvuta majini. Akaachia mkono mmoja, akavua kiatu, akakitupa vichakani. Kikatua kwenye kitu laini.

"Nani huyo?" Mzee Ratili akachomoza, ameshika suruali kwa mkono mmoja na kiatu kwa mwingine. Akamwona mkwewe ametoa macho, uso mwekundu, mashavu yamevimba, anaelekeza kwa kidevu. "Umepaliwa! Mkate umekupalia!" Akaja mbio, akaanza kumpiga mgongoni, pu, pu, pu, "Tema! Tema, kijana!" na Redio akitikisa kichwa kwa nguvu zote, na fimbo katikati yao inalia. Ilikuwa hatua chache tu kabla ya maji ndipo mzee alipouona mshipi unavyopasua bwawa.

Alifunga suruali kwa namna ambayo tusiisimulie. Akashika fimbo. Na yule mtu wa maneno matatu kwa siku akafunguka. "Ni yeye! Ni yeye, nauona uzito! Nenda basi, baba, nenda, ukichoka utarudi! Wewe, chukua wavu! Usimwonyeshe kivuli! Ingia! Ingia!" Redio akaingia majini mpaka kiunoni, na simu yake mfukoni. Samaki alikimbia, akarudi, akakimbia, akaja ubavu ubavu amechoka, na wavu ukamzoa. Wakamlaza juu ya nyasi zilizolowa, wote watatu wanahema.

Alikuwa yeye. Redio, kinyozi wa kazi, aliona kabla ya mzee: sharubu la kushoto lilikuwa fupi, na kovu la zamani kwenye mdomo, pale ndoana ya kwanza ilipomchana. Mzee Ratili akaliona kovu, akaligusa kwa kidole kimoja. Akatoa mizani yake mwenyewe mkobani, aliyoikaza springi kwa mkono wake, akamninginiza samaki ndani ya wavu. Akasoma. Akagonga kioo cha mizani, akasoma tena.

"Kumi na nusu," alisema. Kisha, kwa sauti ya chini zaidi, "Nilizidisha."

Hapa Redio alikuwa ameshinda. Utani wake wa harusini ulikuwa umepimwa na kuonekana kweli, tena kwa mizani ya mwenyewe. Na cha ajabu hakuusikia utamu wowote. Alimtazama mzee na kofia yake mbichi, akamwonea huruma. Akatoa simu ampige samaki picha, angalau hilo. Simu ikamwaga maji.

Mzee akambeba samaki kwa mikono miwili, akaelekea bwawani. Redio akamshika shati. Akaonyesha mdomo, akaonyesha tumbo, akachora hewani sufuria kubwa. "Hapana," mzee alisema. "Hapa mkubwa anarudishwa. Ndiyo sheria." Akachuchumaa, akamsubiri apate pumzi, akamwachia. Mkia ukapiga maji mara moja, kwaheri.

Ndipo akili ilipomrudia mzee. Hakuna samaki. Hakuna picha. Akamgeukia mkwewe.

"Umemwona."

Redio akaitikia kwa kichwa, ndiyo.

"Na kovu umeliona. Na sharubu."

Ndiyo, ndiyo.

"Basi sema! Sema kitu!"

Redio akaunyooshea kidole mkoba wa vifaa. Ulikuwa wazi.

Jamani, hujawahi kuona mzee akifunga mizigo namna ile. Fimbo, wavu, kopo, mizani, ndoana mbili zikamchoma kidole, akazitupia humo humo. Zipu ikakwama, akaivuta kwa meno. Ikafunga. "Haya!"

Asubuhi nzima maneno yalikuwa yamemjaa Redio mpaka masikioni. Sasa akayatafuta, akayapata machache tu.

"Nisamehe, baba. Yale ya harusini."

Mzee Ratili akauweka mkoba begani. "Twende," akasema. "Mahindi yale yatakuumiza tumbo."

Jumapili alikuja. Alisimama mlangoni kidogo, akavua viatu, akaingia, na binti yake akakimbilia jikoni kulia kidogo kabla ya kupakua. Mashemeji walikuwepo, na wali ulipokuwa nusu wakaanza uchokozi wao. Haya, Redio, tumesikia umekuwa mvuvi, tusimulie.

Redio akasimulia. Akasimulia kofia, mahindi, kiatu. Mke wake alicheka ameshika tumbo kwa mikono miwili. Alipofika kwenye samaki, mashemeji wakatazamana.

"Mlimpima?" akauliza mkubwa wao.

"Tulimpima."

"Alifika kilo ngapi?"

Redio akamtazama baba mkwe. Mzee alikuwa anaangalia sahani yake, anasubiri kama mtu anayesubiri hukumu.

"Kumi na mbili," Redio akasema. "Kamili."

Mashemeji wakalipuka. "Redio bwana! Picha iko wapi? Samaki yuko wapi? Alirudi nyumbani kwao? Juzi baiskeli ikawa treni, leo dagaa kawa nyangumi! Uongo mtupu!"

Mzee Ratili akaweka glasi chini, taratibu, vilevile kama siku ile. Binti yake akashika ukingo wa meza. Mtu huyu tangu aanze kazi hakuwahi kumwongezea yeyote hata gramu moja, si mteja, si ndugu, si nafsi yake akijua. Akawatazama wanawe mmoja mmoja.

"Mkwe wangu hasemi uongo," akasema. "Kumi na mbili. Nilipima mimi mwenyewe."

Akavuta sahani ya mkate karibu, akamega kipande, akampa Redio. Redio alikipokea kwa mikono miwili, na kwa mara ya kwanza bila sharti la mtu yeyote, hakuwa na la kusema.