Kilima Hakina Usukani

Herman alizima injini, akashuka kuketi kwenye kivuli cha bawa. Erica alibaki ndani ya ndege, akitazama kompyuta ya rada.

"Umepinda, kapteni. Karibu mita nzima, upande wa mlimani."

"Sijapinda. Hata chombo cha kuongozea ndege kinasema nimenyooka."

"Upepo wa ziwa umekusukuma, hukujua."

"Basi labda kilima ndicho kilichotembea."

"Kilima hakina usukani," alisema Erica, wakacheka.

Walikuwa wakipima mteremko ulioanza kupasuka nje ya Ujiji, juu ya ziwa. Picha ya kabla ya masika ilipaswa kulinganishwa na ya sasa, na kwa hiyo ndege ilipaswa kupita njia ileile. Ilipoyumba, Erica aliisahihisha njia hiyo kwenye kompyuta kwa kufuata mabati yaliyochimbiwa ardhini ili yasisogee, yenye umbo la pembe ya chumba, ambayo rada huyaona yaking'aa. Ziwa lilipojaa, lilimeza yale ya ufukweni. Likabaki moja, mteremkoni penyewe, shambani kwa Mzee Feliksi, aliyeombwa asiliache lilale wala lifunikwe na majani.

Erica aliliamini bati. Akaisogeza njia ya ndege hadi ikaafikiana nalo, na picha ikatulia: ardhi haijasogea.

Kesho yake alipanda hadi nyumbani kwa mzee.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Niambie, tuhamie Kidahwe kwa binti yetu, au tubaki?"

Mkewe, Veneranda, alikuwa akimenya muhogo mlangoni. "Nani ahame na muhogo uko shambani? Kwa mkwe nikalale wapi, juu ya kabati?"

Erica alicheka. "Bakini tu, mama. Ardhi imetulia."

Mvua ya wiki hiyo iliushusha mteremko. Veneranda alikuwa jikoni. Majirani walichimba kwa majembe na sufuria, wakamtoa akiwa ameshakufa.

Baada ya mazishi, Mzee Feliksi alifika uwanja wa ndege na bati begani. Alikuwa ameliosha.

"Mliniambia nilitunze."

"Pole sana, Mzee," alisema Erica. Alishindwa kumtazama usoni.

"Nilifanya mlivyosema. Kila ikinyesha lilikuwa likilala kuelekea ziwani, nami nalisimamisha. Ndege ilipopita lilikuwa wima."

"Palepale tulipolichimbia?"

"Palepale, kando ya ua wa minyaa. Ua wenyewe ulikuwa umeshuka kidogo, nalo likashuka nao. Sikuona ubaya."

Herman alikuwa akifuta kioo cha ndege. Mkono wake ukasimama.

"Lilisaidia, mwanangu?" aliuliza mzee.

Erica alilipokea. Kwenye pembe, mabati yalipoungana, kulikuwa bado na udongo mwekundu.

"Lilituambia, Mzee," alisema. "Sisi tukamsahihisha rubani."

Mzee Feliksi hakuelewa. Alitazama huku na huku, akauliza litawekwa wapi, lisije likaloa.