Nota za Alto Zilipohama

Usiku wa jana niliota nota za alto zinahama. Zilikuwa zinashuka kwenye karatasi moja moja, vikia vyao mabegani, zinakatiza meza yangu kuelekea mlangoni. Soprano, tenor na besi zilibaki mahali pao zikitazama pembeni, kama majirani wasiotaka kuulizwa.

Naomba nieleweke. Mimi ni mwalimu wa kwaya hapa Mbinga, na wimbo huo ni wangu: sauti nne na kinanda, kurasa kumi na moja, wa kuimbwa Jumapili hii kwenye sikukuu ya Mtakatifu Sesilia, msimamizi wa wanamuziki. Kwaya tisa zinakuja kusikiliza. Bila alto, sauti ya chini ya wanawake, ningeaibika mbele ya jimbo zima.

Nikaikimbilia nota ya mwisho, nene, ya mapigo manne. Nikaiuliza zinakwenda wapi.

"Ofisini," ikasema. "Tumeitwa kuhakikiwa chanzo."

Nafungua mlango na nje si Mbinga. Ni ukumbi mrefu wenye mabenchi, na juu ya mabenchi zimekaa nyimbo kubwa kubwa za dunia, kila moja imepakata kile kilichosababisha itungwe. Nikajibana kwenye benchi kwa furaha. Miaka ishirini na miwili nafundisha muziki, sijawahi kukaa benchi moja na simfoni.

Niliyokaa nayo ilikuwa ya vyombo tisini, inahema. Niliiamkia, na kwa kuwa mlangoni palibandikwa alama ya rudia, ilinibidi nitoke, niingie tena na kuiamkia tena. Iliitikia mara zote mbili. Nilitegemea chanzo chake kiwe vita, au kifo cha mfalme. Kilikuwa jino bovu.

"Alinitunga akisubiri ling'olewe," ikasema, wala haikuona haya.

Misa ya wafu iliyokuwa upande wa pili ilimpakata bata aliyekataa kuingia bandani. Waltzi moja nyembamba, muziki wa kudansi wawili wawili, ilikuwa na kiatu kinachobana, cha mguu wa kushoto. Nilitamani nikae pale mwaka mzima niziulize zote.

Kwenye meza ya mhakiki ilikaa metronomu, kile kisanduku chenye mkono wa kuhesabia mapigo. Ikanisomea fomu niliyoijaza mwenyewe wiki iliyopita, ile iliyomtaka kila mtunzi aeleze wimbo wake ulimjiaje, ili maelezo yachapwe kwenye kijitabu cha sikukuu. Mimi nilikuwa nimeandika kwamba nilifunga siku tatu mlimani, nikasikia malaika.

"Malaika," ikasema metronomu. Tik. "Wangapi?" Tak.

Nikasema saba hivi.

Nota za alto zikacheka, kwa sauti ya alto. Zikasema malaika haziwajui. Zinamjua Skolastika.

Skolastika ni dada yangu mkubwa, aliyenilea mama alipofariki, na ndiye aliyekuwa alto wangu bora. Mwezi wa pili aliusikia wimbo mazoezini akaniuliza mbele ya wote kama huo si ule wake wa kusugulia masufuria. Nikamjibu kwamba masufuria hayatungi. Alifunga daftari lake akatoka, na tangu siku hiyo hajakanyaga kwaya wala kwangu. Nilijifanya sijali. Iliniuma kila siku.

"Wimbo wenye chanzo cha uongo hautoki mdomoni," ikasema metronomu. "Jumapili watafumbua vinywa na hakitasikika kitu."

Kisha ikaniwekea bemoli. Bemoli hushusha nota nusu sauti. Mimi ilinishusha ghorofa nzima, nikatua jikoni kwa dada, kule Litembo.

Dada amechuchumaa. Anasugua masizi ya sufuria kwa majivu na gunzi, midomo imefungwa, wimbo unatokea puani. Anasugua mara tatu, kimya. Mara tatu, kimya. Nota za alto zinamzunguka miguuni zinadonoa majivu.

Nikajikuta nacheka kwa furaha. Kile kimya ndicho kila mtu anachokisifia katika wimbo wangu. Kwenye fomu niliandika kwamba hapo malaika wanavuta pumzi. Kumbe hapo dada anachota majivu.

"Dada," nikasema, "wimbo ni wako. Niliuchukua nikawasingizia malaika."

Hakunitazama. Akanisogezea sufuria.

"Sugua."

Nikasugua. Kila nilipochota majivu, nota moja ilipanda kwenye mkono wa shati langu ikakaa. Nilikuwa nimemaliza upande mmoja, na zote zimesharudi, mke wangu aliponitikisa akiuliza kwa nini naimba alto usingizini.

Ilikuwa saa moja asubuhi. Sijanawa hata uso, simu ikaita. Dada Skola, baada ya miezi tisa. Nilimwamkia, akaitikia haraka haraka.

"Deside, sufuria langu nimelikuta limesuguliwa upande mmoja."

Nikaangalia mikono yangu.

"Uje umalizie," akasema. "Na hiyo karatasi ya alto uniandikie kwa maandishi makubwa. Macho yangu siku hizi hayaoni vizuri."