Tairi la Mbele, Upande wa Kushoto

Mtaani walimwita Mizani, na jina hilo alilitolea jasho. Maisha yake yote ya utumishi alikuwa mkaguzi wa mizani za madukani na sokoni, na inasemekana wauza nyama walipomwona tu akivuka barabara, vidole vyao vilijiondoa vyenyewe kwenye sahani ya mizani. Alikuwa na sheria moja: kitu hupimwa mara tatu, kisha huchukuliwa wastani. Kupima mara moja ni kubahatisha, mara mbili ni kuanzisha ubishi, mara tatu ndiyo ukweli.

Alipostaafu aliziacha mizani ofisini, lakini sheria akarudi nayo nyumbani. Alipima unga. Alipima sukari. Mjukuu akipita karibu na mlango alisimamishwa ukutani akapimwa urefu, kama vile angeweza kuwa amerefuka tangu asubuhi. Mkewe alistahimili yote hayo mpaka siku aliyomkuta anapima sabuni ya kufulia.

"Mzee," alimwambia, "toka nje. Katafute kitu kikubwa."

Kitu kikubwa kilichokuwa nje kilikuwa gari.

Lilikuwa gari dogo, la umri wa kuozesha, lakini injini yake ilikuwa na adabu. Siku zile tairi la mbele la kushoto lilikuwa limechomwa na msumari, likazibwa vizuri na fundi wa barabarani, na lingeachwa liendelee na maisha yake lau si Mizani. Tangu siku hiyo alilitazama tairi lile jinsi watu wanavyomtazama mkwe aliyewahi kushikwa na kuku wa jirani. Alitoa kipimo chake cha upepo, cha shaba, kilichokaa sandukuni miaka na miaka, akaanza ukaguzi. Asubuhi kabla ya chai, na jioni kabla ya chakula, alichuchumaa, akafungua kifuniko cha vali, akapima mara tatu, akapiga wastani kichwani, akainuka akishika kiuno.

Wastani ulikuwa unashuka.

"Nilijua," alisema, kwa sauti ya mtu aliyefurahi kuliko inavyostahili.

Basi likawa ndilo jambo la nyumba. Tairi linajazwa leo, keshokutwa limelegea. Mizani akaongeza ulinzi: likimtia shaka, analipima na mchana. Na kadiri alivyozidi kulilinda, ndivyo lilivyozidi kulegea.

Jambo likafika pabaya siku aliyokuwa anampeleka mkewe kwenye mazoezi ya goti. Katikati ya njia panda usukani ulivuta kushoto, gari likakaa upande kama mtu anayesikiliza umbea, na nyuma yao honi zikaanza. Mkewe alishuka na fimbo yake, akasimama kivulini, akampigia simu mtoto wao.

Mtoto wao alikuwa mtu mzima mwenye watoto, msajili katika mahakama, na alizungumza nyumbani kama anavyozungumza kazini. Jioni ile alisubiri sahani ziondolewe.

"Baba, nakuheshimu."

"Mwanzo mbaya huo," alisema Mizani.

"Nakuheshimu, lakini safari ijayo tairi hilo litakulaza barabara kuu, na mama yumo ndani. Tafuta fundi wa kuaminika, lishughulikiwe. Jumapili nikija nikalikuta bado linapungua, nachukua ufunguo. Mtakuwa mnapelekwa."

"Tunapelekwa na nani?"

"Na mimi. Nikipata nafasi."

Mizani alimtazama mkewe, aombewe. Mkewe alikuwa anachunguza kona ya kitambaa cha meza.

Kupelekwa. Neno hilo lilimkalia kooni usiku kucha kama mwiba wa samaki. Mzigo hupelekwa. Barua hupelekwa. Yeye alikuwa mtu wa kuamka, kujisikia anataka gazeti, na kwenda kulinunua upande wa pili wa mji ilhali linauzwa hapo nje.

Kesho yake akaanza kutafuta fundi, na alitafuta kikaguzi. Hakusema tairi gani wala shida gani. Aliingia, akazima gari, akasema, "Kagua," akarudi nyuma hatua kadhaa na kukunja mikono. Mkaguzi hamwambii muuzaji ni jiwe gani la mizani analolishuku.

Karakana ya kwanza, yenye viti vya kungojea na televisheni, ilikagua na kusema vali imekufa. Akabadilishiwa vali. Tairi likalegea. Ya pili ikasema rimu ina kutu ndani, ikasuguliwa na kupakwa dawa yenye harufu ya kuumiza macho. Tairi likalegea tena, sasa likinukia. Kwenye ya tatu fundi alizama chini ya gari kwa dakika chache, akaibuka ameshika msumari baina ya vidole viwili, kama daktari wa meno.

"Huyu hapa, mzee! Alikuwa amejificha ndani kabisa."

Mizani akaupokea. Akaugeuza. Ulikuwa unang'aa.

"Msumari huu umetembea na gari langu muda gani?"

"Aah, huyu ni wa wiki nyingi, mzee wangu. Huyu ni mkongwe."

"Mkongwe, na hajapata hata vumbi?"

Fundi aliutazama msumari upya, kana kwamba ndio kwanza wanajuana. "Kuna misumari misafi," alisema.

"Ipo," Mizani alikubali. "Inakuwa kwenye boksi." Akamrudishia, akaondoka, na njiani akatangaza ndani ya gari, ambako hakukuwa na mtu, kwamba mji mzima hauna fundi mmoja mkweli.

Jumamosi asubuhi ilibaki karakana ambayo siku zote aliipita bila kuitazama, kwa sababu ubao wake ulikuwa na kutu na herufi moja ilikuwa imeanguka. Mwenyewe alikuwa mwanamke wa makamo, ovaroli imemkaa kama gunia lililofungwa kiunoni, na kalamu imepenya kwenye kilemba chake. Mizani alizima gari.

"Kagua."

"Nini?"

"Wewe ndiye fundi."

"Na wewe ndiye unayeliendesha. Mgonjwa akiniambia 'nitibu' halafu akanyamaza, nitamkata hata mguu mzima. Sema linalokusumbua."

Mizani hakuzoea kujibiwa hivyo, lakini kesho ilikuwa Jumapili. Akasema. Mwanamke akaingiza jeki, akafungua tairi, akalijaza upepo, akalitumbukiza kwenye pipa la maji, akaligeuza polepole akilikodolea macho. Akapaka povu la sabuni kwenye vali, akangoja. Akafanya yote tena upande wa pili. Halafu akajifuta mikono.

"Sijaona kitu."

"Unamaanisha nini hujaona kitu?"

"Halivuji."

"Linapungua!"

"Inawezekana linapungua. Mimi nasema halivuji. Kwa nini linapungua, sijui."

Mizani alihesabu vidoleni. Mafundi watatu walikuwa wamempa majibu matatu, na huyu anamwambia hajui, mchana kweupe, bila hata kushusha macho.

"Basi badilisha tairi," alisema. "Niuzie tairi, yaishe."

"Sikuuzii. Tairi lako zima. Liache gari hapa mpaka kesho asubuhi tuone kama tairi litalegea."

Hapo ukaguzi wote ukamrudia mwilini. Gari lilale hapa? Ili huyu mwanamke alijaze upepo alfajiri na mashine yake, kisha aseme si nilikwambia? Alifungua kijisanduku cha mbele cha gari, akapekua karatasi na peremende, akatoa chupa ndogo nyekundu ya rangi ya kucha ya mkewe. Akachuchumaa. Kwa mkono usiotetemeka alichora mstari kuanzia kwenye kifuniko cha vali hadi kwenye shingo yake, akaupuliza ukauke. Kwa miaka yote ya kazi alizifunga mizani kwa lakiri namna hiyo, na hakuna muuzaji aliyewahi kufungua asijulikane.

"Atakayegusa, mstari utakatika," alisema.

Mwanamke aliinama kuutazama. "Rangi nzuri. Inauzwa wapi?"

Mizani alifunga chupa, akairudisha garini. Alirudi nyumbani kwa miguu, akajifanya ni mazoezi.

Asubuhi alifika kabla karakana haijafunguliwa. Mwanamke alipofungua lango, Mizani alipita ubavuni mwake moja kwa moja, akachuchumaa, akatoa miwani. Mstari mwekundu ulikuwa mzima, haukukatika hata unywele. Akauvunja kwa ukucha, akafungua kifuniko, akabandika kipimo chake cha shaba.

Thelathini na mbili. Kama ulivyojazwa jana, hata pumzi moja haijatoka.

"Haiwezekani," alisema, na kwa kuwa haiwezekani, akapima tena.

Thelathini na moja.

Akapima mara ya tatu, kama sheria inavyotaka. Thelathini, na kasoro kidogo.

Alikuwa tayari ameanza kupiga wastani. Mdomo ulikuwa umeshaanza kucheza. Ndipo akasimama hapo hapo, na namba zile tatu zikabaki zimepangana mbele yake kama wanafunzi mstarini, kila mmoja mfupi kuliko aliyemtangulia. Alikuwa na desturi ya kuzichanganya mara tu anapozipata. Hakuwahi kuziangalia moja moja.

Akabandika kipimo tena, safari hii akiwa ametega sikio na si jicho. *Tsss.* Ule mpira wa mdomoni mwa kipimo ulikuwa umekauka na kupasuka, haukai sawasawa juu ya vali.

"Nyumbani unapima mara ngapi, mzee?" aliuliza fundi.

"Asubuhi na jioni. Mara tatu tatu. Na mchana nikiwa na shaka."

"Matairi yote?"

"Hapana, hili tu. Ndilo linalopu—"

Alisikia maneno yake yakimtoka, akajaribu kuyashika mkia, lakini yalishafika nje. Fundi alipata ghafla shughuli ya kutafuta spana. Alikuwa mtu mwema: alicheka akiwa ameinamia boksi.

Njiani kurudi, tairi likiwa limejazwa, Mizani aliendesha taratibu na kufikiri kwa haraka. Hakuna aliyejua. Angeweza kusema ilikuwa vali. Angeweza kusema msumari. Alishaona jinsi unavyosemwa. Ufunguo ungebaki mfukoni mwake, na heshima pia. Alijaribu sentensi yenyewe kwa sauti, "Ulikuwa msumari, mkongwe," na masikio yake yakamwona mwongo papo hapo.

Walikuwa wanamsubiri sebuleni, mke na mtoto.

"Haya baba. Limekutwa na nini?"

Mizani alisimama wima kama anayesoma ripoti. "Tairi ni zima. Vali nzima, rimu nzima. Kosa limepatikana kwa mkaguzi. Kila anapopima, anatoa upepo. Na kila ulipopungua, alipima zaidi."

 Kisha mkewe akaanza kucheka kwanza kwa mabega.

"Mimi ile sauti niliisikia kila asubuhi dirishani," alisema akifuta macho. "Nikajua ni wewe unapumua ukiinuka. Nikasema, masikini, mume wangu anazeeka."

"Akili nyingi huondoa maarifa," alisema mtoto wao, naye akijitahidi kukaza uso wa mahakamani bila mafanikio. Akanyoosha mkono. "Sawa. Kimoja kati ya viwili, baba. Ufunguo au kipimo."

Mizani alivitoa vyote viwili mfukoni, akaviweka kila kimoja kwenye kiganja chake. Alivitazama. Akavipandisha na kuvishusha kidogo, kulia, kushoto, kisha kulia tena.

"Mzee!" alisema mkewe. "Usithubutu kuvipima."

Akamkabidhi mtoto kipimo.