Faru Jike wa Lerai

Germana alikuwa mwanamke pekee mpiga picha katika Karatu yote, kazi aliyoirithi kwa baba yake. Studio yake ilikuwa chumba kimoja kando ya barabara, na watu wa Rhotia na Endabash walikuja pale kupigwa picha za ndoa na za ubatizo. Alizipiga vizuri, lakini moyo wake ulikuwa chini kule, ndani ya kreta ya Ngorongoro, ambako mumewe Patrisi alikuwa askari wa wanyamapori.

Kila aliporuhusiwa, aliteremka na Patrisi kwenye gari la doria. Huko alimkuta faru jike mwenye pembe ndefu, aliyependa kulala ukingoni mwa msitu wa Lerai. Faru wengine wakisikia gari hukimbia au hulishambulia. Huyu aliinua kichwa, akasikiliza, akaendelea kula. Germana alimpiga picha asubuhi yenye ukungu, migunga ikiwa nyuma yake. Picha ile aliisafisha na kuitupa, akaisafisha tena, mpaka weusi wa ngozi ukatoka kama alivyouona kwa macho yake. Akaikuza, akaitundika dirishani mahali palipokuwa na picha ya bibi harusi.

Watu walisimama kuitazama. Wengi wao hawakuwahi kushuka kreta, na faru kwao alikuwa mnyama wa watalii. Lakini siku moja alipita Bibi Naisula, mama wa Kimaasai aliyekuwa akileta maziwa mjini. Aliweka vibuyu chini, akasogea karibu na kioo.

"Huyu ni jirani yetu," alisema.

Alimweleza Germana kwamba yeye alizaliwa ndani ya kreta na kuolewa mle mle. Boma la mumewe lilikuwa karibu na Lerai, na faru huyo alikuwa akipita wakati wa kukamua, kama mama yake alivyopita kabla yake. Mwaka wa sabini na nne watu wote walihamishwa kutoka kreta, na tangu hapo hakumwona tena. Ikawa kila akija mjini husimama dirishani na kuuliza habari za mnyama yule, kama mtu anavyomuulizia ndugu aliyeolewa mbali.

Mwaka wa themanini na moja Patrisi alirudi na habari njema: faru amezaa. Bibi Naisula alicheka mpaka akafunika mdomo kwa shuka. Germana akamwahidi picha ya mama na mtoto.

Filamu zilikuwa shida miaka ile. Mpaka wa Kenya ulikuwa umefungwa na madukani hakukuwa na kitu. Germana alikuwa amebakiwa na moja tu, akaanza kukataa kazi za harusi ili asiiguse. Patrisi alinung'unika kidogo, kisha akaacha, kwa sababu alimjua mkewe.

Walipoteremka, waliona tumbusi kabla ya kuona kitu kingine. Faru alikuwa amelala kwa ubavu, uso umechanwa kwa shoka na pembe hazipo. Ndama alikuwa hai. Alikuwa akilisukuma tumbo la mama yake kwa pua, akitafuta titi. Alipowaona watu alijificha nyuma ya mgongo wa maiti, kisha njaa ikamrudisha kwenye titi.

Germana alishusha kamera.

"Piga," Patrisi alimwambia.

"Siwezi, Baba Eunike."

"Piga, mke wangu. Sisi tukieleza, wanasema tunatia chumvi."

Alipiga mpaka filamu ikaisha, akifuta machozi kwa ncha ya kitenge ili aone.

Patrisi aliomba lori kwa redio, wamkamate ndama na kumlea. Akajibiwa kwamba lori lililopo halina matairi, wasubiri kesho. Askari wenzake walibaki kumlinda, lakini walipojaribu kumsogeza mbali na mzoga aliwaponyoka, akaingia msituni. Kesho yake walikuta fisi wamemmaliza.

Germana aliisafisha picha ile, akaitundika kando ya ile ya kwanza. Maharusi walianza kwenda kupigwa picha Mbulu. Mwenye nyumba alimwomba kwa upole aitoe, akakataa. Jumapili, kwa ruhusa ya padre, alizichukua picha zote mbili akazionyesha baada ya misa, Rhotia kwanza, kisha Endabash. Aliwaambia watu kwamba wawindaji haramu hula na kulala kwenye nyumba za watu, kwa hiyo yuko anayewajua. Wako waliolia. Mkulima mmoja aliuliza faru atamsaidia nini yeye, ambaye nguruwe mwitu wamemaliza mahindi yake. Germana alisema tu kwamba mahindi yatapandwa tena.

Bibi Naisula alipokuja, alisimama mbele ya picha ya pili muda mrefu. Hakulia.

"Walituambia tutoke ili wanyama wapone," alisema. "Tulipokuwa mle, nani alipita Lerai mbwa wetu wasibweke?"

Germana aliiteremsha picha ya kwanza, ile ya faru akiwa mzima katika ukungu, akampa kwa mikono miwili aende nayo. Bibi Naisula aliisukuma nyuma taratibu.

"Nitaiweka wapi, mwanangu? Nikiwa nayo nitakuwa namngoja."

Akajitwika vibuyu vyake. Tangu siku hiyo aliuzia maziwa upande mwingine wa soko, na hakupita tena mbele ya studio.

Germana hakuacha kushuka kreta, na filamu zilipopatikana tena alipiga picha za nyati, tembo na flamingo wa Ziwa Magadi la mle kretani. Lakini faru walizidi kupungua. Mwaka wa themanini na tano yeye na Patrisi walikaa kutwa nzima ukingoni mwa Lerai, injini imezimwa, bila kuona hata unyayo. Jua lilipoanza kuegemea ukuta wa kreta, Patrisi aliwasha gari bila kumuuliza. Germana alikuwa bado anatazama msituni.