Kiti cha Mama Truphena

Jumanne ile foleni ya mashine ya kusaga ya Cephas, pale Rodi Kopany, ilitoka mlangoni ikafika barabarani, na wala hakuna aliyelalamika. Wanawake walikuwa wamekalia ndoo zao za mahindi wakizungumza juu ya simuleta. Ilikuwa inafunguliwa Jumamosi kule ufuoni, nje kidogo ya mji wa Homa Bay, katika sehemu mpya ya bustani ya burudani waliyoiita Nchi ya Ziwa. Simuleta yenyewe ni chumba cha chuma chenye viti na skrini kubwa. Unafungwa mkanda, chumba kinainama na kutikisika, skrini inajaa maji, nawe unaamini umeshuka chini ya ziwa pamoja na mbuta, wale samaki wakubwa, na mamba, ilhali hujatoka ulipo.

"Sasa kama haiendi popote, tunapanda ya nini?" aliuliza mmoja.

"Mbona hata mume wako haendi popote na umemkalia miaka yote hiyo?"

Wakacheka mpaka unga ukapeperuka. Halafu wasiwasi ukaanza, maana hamu na wasiwasi vilikuwa vimekuja pamoja. Emmaculate, mwuza nyanya, alikuwa na presha na alitaka kujua kama mtu anaweza kuomba ateremshwe katikati. Mwingine alisikia kwamba wakati wa majaribio fundi mmoja alitapika hadi meno ya bandia yakamtoka. Mchungaji naye alikuwa ameonya kwamba kushuka ziwani bila shughuli ni kuwachokoza walioko huko. Hata hivyo mchungaji alikuwa ameshawekewa nafasi mbele.

"Baba Lynnet, si wewe utaingia wa kwanza?" Emmaculate akamwuliza Cephas. "Kile kitu kimesimama kwenu kabisa."

Cephas akasema mgongo unamsumbua. Mgongo wake haukuwa na neno lolote. Kilichomsumbua ni kingine, na afadhali kisemwe sasa hivi, tusizungukezunguke.

Pale simuleta ilipojengwa palikuwa boma la mama yake, Truphena, na kaburi la mama lilikuwa upande wa kushoto wa nyumba, mahali pa mwanamke mwenye nyumba yake. Wenye bustani walitaka shamba lisilo na kaburi. Ukoo ukakubali mama ahamishiwe Rodi Kopany, mwanawe alikokuwa akijenga. Lakini mtu hahamishwi kimyakimya kama kabati. Mwana wa kwanza humwita kwa jina mchana kweupe, kwa sauti, watu wakisikia, akamwambia kwamba tunahama, kisha akamwongoza njia nzima akizungumza naye ili asipotee. Siku ilipangwa. Cephas, kwa pupa ya kulipwa amalize nyumba yake ya mawe, akaruhusu trakta iingie kabla ya siku hiyo. Alipofika na jembe alikuta uwanja umesawazishwa wote. Upande wa kushoto wa nyumba haukujulikana tena, kwa sababu nyumba yenyewe haikuwepo.

Angesema. Wangemtukana, ndiyo, halafu wangeshika majembe wauchimbe uwanja mzima mpaka wampate. Ila aliona haya. Akaenda kuchuma tunda la mvungunya, lile refu, zito, ambalo Wajaluo huliita yago. Yago huzikwa badala ya mtu aliyezama ziwani na mwili wake usipatikane. Ni heshima kubwa, lakini ni heshima ya aliyepotea, na Truphena hakuwa amepotea. Alifia kitandani, wanawe wakimkanda miguu.

Cephas aliliweka yago katika jeneza jipya, akalipigilia misumari mwenyewe, na ndugu walipofika akawaambia sehemu ngumu, ya kumwita na kumfukua, amekwisha kuifanya. Mchungaji akaomba. Dada yake Roseline, aliyeolewa Suna kule Migori, alililia tunda lile mpaka sauti ikamkauka, na Cephas akamshika bega kumliwaza. Hilo la kumshika bega ndilo lililomkosesha usingizi kuliko yote.

Alhamisi alikuja Motari, Mkisii aliyefunzwa kuiendesha simuleta. Alingoja mashine ya kusaga izimwe, kwa kuwa ni mtu wa adabu.

"Mzee, mama yako amekaa kwenye simuleta," akasema. "Kiti cha mbele, karibu na mlango. Yuko pale tangu tuanze majaribio."

"Anasumbua?"

"Hasumbui mtu. Shida ni mkanda. Mashine inajua kiti kina mtu, lakini mkanda haumshiki, basi inakataa kuanza. Nimemwomba ashuke, anasema atashuka akiitwa na wa kwake, akakutaja wewe. Sasa mimi sijui desturi zenu, siwezi kumwita ovyo."

Cephas akapangusa unga mikononi akamfuata.

Mama Truphena alikuwa amevaa gauni la buluu alilozikwa nalo na kitambaa cheupe cha kanisa. Mkoba ulikuwa magotini. Alikuwa na udongo mabegani, na amekonda kidogo. Motari akatoka nje awaache wazungumze.

"Wuoda," akasema mama. Mwanangu.

"Mama."

"Nilisikia mnahama. Nikajitayarisha tangu asubuhi, nikangoja. Baadaye nikasikia kilio kule juu, upande wa Rodi, nikajiuliza, yawa, nani tena amekufa?"

Cephas aliangalia sakafu. Ilikuwa sakafu nzuri, mpya, yenye matundu madogo ya kuzuia watu wasiteleze.

"Hii gari inafika Rodi?" mama akauliza.

"Hapana, Mama. Inatikisika tu."

"Basi niite kama watu wanavyoitwa, twende. Siwezi kujiita mwenyewe."

Alimwahidi kumwita Jumamosi, Roseline atakapokuwepo. Alikuwa anasema kweli kwa wakati ule. Alipotoka, uso ulimwaka kwa aibu, akaenda kunawa kwenye bomba la wafanyakazi, na hata baada ya kunawa ulikuwa bado unawaka. Motari, ambaye alikuwa na kazi ya kufanya, aliufunga mkanda nyuma ya mgongo wa mama, kisha akamzungushia leso kiunoni asianguke. Mashine ikakubali.

Jumamosi watu walitoka kila upande. Wengine walitoka mbali, Ntimaru, wamebeba chakula chao. Roseline aliwasili na akina mama wa kanisa lake kutoka Suna, wote wameshona kitambaa kimoja, na alikuwa ameingoja siku hiyo kama mtoto anavyongoja Krismasi.

"Nyamera, hii kitu haifai mtu wa presha," Cephas akamwambia dada yake.

"Presha ni yako? Nipishe, bwana!"

Akaingia. Mlango ukafungwa, chumba kikaanza kuinama huku na huku, na kelele zikasikika mpaka majini. Cephas alisimama kwenye chuma cha kuongozea foleni, akakishika kwa mikono miwili. Mlango ulipofunguliwa watu walitoka wakicheka, mmoja ameshika kiatu mkononi. Walisifu maji, wakasifu mamba. Wakasema pia kwamba kuna mama mmoja mbele ana roho ngumu sana, hakupiga kelele hata mara moja.

Roseline alitoka wa mwisho. Alimvuta kaka yake kando, akasema kwa sauti ya chini ili wenzake wasisikie.

"Omera, Mama yuko ndani."

"Najua."

"Ameniuliza watoto wanasoma wapi. Ameniuliza mbona hatumwiti." Akamsogelea zaidi. "Kule kwako, kaburi ninalopalilia kila nikija, ni la nani?"



"Ni yago," Cephas akasema.

"Yago? Mama yetu? Kwani alizama?"

Roseline aliziba mdomo kwa kiganja, akabaki hivyo. Hakulia. Machozi yote alikuwa ameyamalizia kwenye tunda, na sasa aliona aibu juu ya machozi yenyewe.

"Mwite," akasema hatimaye. "Mwite sasa hivi."

"Mbele ya watu wote hawa?"

"Si ndivyo anavyoitwa mtu?"

Cephas akaenda mpaka mlangoni. Motari alimwona, akazima muziki bila kuambiwa. Ndani, Mama Truphena alimwona mwanawe amesimama. Akakaza kitambaa kichwani, akafungua fundo la leso, akaushika mkoba, akasogea ukingoni mwa kiti kama abiria aliyefika kituoni kwake. Foleni nzima ilimgeukia Cephas. Pale mbele walikuwepo wakwe zake Cephas. Alikuwepo mchungaji aliyeinamisha kichwa na kuliombea tunda safari njema. Walikuwepo wanawake wa mashine ya kusaga, ambao yote wanayoyasikia hufika Rongo kabla ya jua kutua. Wote walikuwa wakingoja kusikia anataka kusema nini.

Cephas akafungua kinywa. Jina lilikuwa pale pale kwenye ulimi. Akageuka kumtazama dada yake, apate nguvu. Roseline alikuwa akiwatazama akina mama wa kanisa lake, nao walikuwa wanamtazama yeye, na nyuso zao zilikuwa na udadisi mwingi. Akainamisha kichwa, akafungua pochi yake, akaanza kutafuta ndani yake kitu ambacho hakikuwemo.

"Kundi linalofuata," Cephas akasema. "Ingieni polepole, msisukumane."

Motari akawasha muziki. Watu wakaingia, wakajaza viti, wakafungwa mikanda. Msichana mmoja aliyekuwa anatetemeka kwa hofu alipata nafasi kando ya Mama Truphena, akamsalimia, na mama akaitikia. Alikuwa bado ukingoni mwa kiti. Alimtazama Cephas mpaka mlango ulipoanza kujifunga, kisha akarudi nyuma, akakaa vizuri, akaushika mkono wa yule msichana.

"Usiogope, nyathina, mwanangu," akamwambia. "Watoto wangu wako hapo nje."