Nilipewa Bila Kiapo

Baba alinipa gari lile uani, mwezi wa Shaabani, mbele ya mama na mbele ya fundi wa mabomba aliyekuja kuziba tangi la juu ya paa. "Tahani," alisema, "hiyo Lansa imelala miaka miwili. Ukiifufua, ni yako." Fundi wa mabomba akacheka. Mimi nikaenda kutafuta spana.

Nina diploma ya umeme. Imetundikwa sebuleni karibu na saa ya ukutani, na haijanipa kazi zaidi ya kuuza chaja kwenye duka la simu. Lansa ilinichukua miezi mitatu ya jioni: betri, pampu ya petroli, mipira iliyoliwa na panya. Siku ilipowaka, baba alipiga makofi mara mbili na kurudi kwenye habari zake za televisheni.

Lakini nilichokitaka hasa kilikuwa taa za ndani. Hapa mjini Zarqa ukitaka kufungiwa taa za LED kwenye gari unakwenda mtaa wa magereji, na mwanamke akifika kule husimama juani kama mzigo uliosahaulika, au humpa kaka yake ufunguo na kupokea rangi aliyoipenda kaka. Bi Inaam, mwenye shule ya udereva ya wanawake, alikuwa akinilalamikia jambo hilo kila alipokuja dukani.

"Wanafunzi wangu wakipata leseni, hata breki hawazijali," aliniambia. "Wanaulizia taa."

"Niletee mimi."

"Nikuletee nini? Nionyeshe kwanza gari ulilolifunga kwa mkono wako. Na usinitolee simu, video kila mtu anayo. Nataka kukaa ndani, niguse, ninuse kama kuna waya unaoungua. Likinipendeza nakuletea magari ya wanawake hapo hapo uani kwenu, na vifaa nanunua mimi."

Tulikubaliana Jumamosi baada ya Asri.

Kwa hiyo nilifanya kazi kama mtu anayefanya mtihani. Nilifungua paneli za milango bila kuvunja kibanio hata kimoja. Nilisafisha plastiki kwa spiriti kabla ya kubandika utepe wa taa, maana gundi huitaka plastiki kavu, la sivyo jua la Agosti litauning'iniza utepe wote kama tambi. Mara ya kwanza nilichukua umeme kwenye waya usiozimwa na ufunguo, asubuhi nikakuta betri imekufa. Nikang'oa, nikaanza upya: umeme nikautoa kwenye fyuzi ya redio, nikazipa taa zangu fyuzi yake peke yake, na waya wa hasi nikaukaza kwenye chuma kitupu chini ya dashibodi, baada ya kukwangua rangi. Kila kiungo nilikilehemu. Sikuacha hata uzi mmoja unaoonekana. Chini ya viti mwanga wa asali, kwenye dashibodi mstari mwembamba wa bluu, usioumiza macho ya dereva. Hakuna nyekundu. Nyekundu ni ya watoto wa kiume.

Ijumaa, siku moja kabla ya Bi Inaam kuja, baba alialika jamaa zake kula mansafu. Walikuja wanaume watano, mkubwa wao Ami Dhaifallah, binamu wa baba. Walikula sinia lote la kondoo na wali, wakanawa, kisha baba akawatoa uani kunywa kahawa. Mimi na mama tulikuwa jikoni tukikwangua ukoko. Dirisha la jikoni linatazama banda la gari.

Baba akamkalisha Ami Dhaifallah kwenye Lansa, akashusha turubai la banda ili kuwe na giza, akabonyeza swichi.

"Lo, Abu Wisam!" Ami Dhaifallah akapiga kelele kutoka ndani. "Hili ni gari au ukumbi wa arusi?"

"Kazi ya nyumbani hiyo," baba akasema. "Imefanyika hapa hapa kwangu."

Niliacha kijiko. Nilingoja aseme jina langu. Akainua turubai, akamimina kahawa.

"Mashaallah, gari zuri," Ami Dhaifallah akasema akitoka.

"Ni lako," baba akajibu.

Hilo kila mtu hulisema. Ukisifu saa ya mtu ataifungua mkononi na kukuambia ni yako, nawe utamwambia izidi kumpendeza mwenyewe, naye ataifunga tena. Hakuna aliyewahi kuondoka na saa.

"Lizidi kumpendeza mwenyewe."

"Nimesema ni lako."

"Mungu akuzidishie. Ninalo la kwangu, Abu Wisam."

Yangeishia hapo. Lakini mmoja wa wale wageni, Abu Nidal, mtu ambaye hajawahi kualika mtu kwake, alikuwa amejiegemeza mlangoni akichokonoa meno. "Muache, Dhaifallah," akasema. "Anajua hutalichukua, ndiyo maana anatoa."

Wakacheka wote. Hata Ami Dhaifallah alicheka, ingawa si kwa ubaya. Niliona shingo ya baba ikiiva.

"Kwa talaka!" baba akasema. "Naapa kwa talaka, gari hili ni la Dhaifallah, na kwangu halirudi!"

Kicheko kikakatika: gari likirudi, mama ameachika. Jikoni, mama alisimama na upawa mkononi, mchuzi unamdondokea miguuni, asihisi.

"Muombe Mungu msamaha, bwana wewe," Ami Dhaifallah akasema. "Kwa Lansa?"

"Nimeshaapa."

Ami Dhaifallah akawatazama wenzake, akatazama chini. "Basi kesho baada ya Asri mwanangu Qusai atakuja kulichukua. Sitaki nyumba yako ivunjike kwa sababu yangu."

Alisema hivyo kama mtu anayetufanyia hisani. Na kweli, alikuwa anatufanyia.

Wageni walipoondoka mama aliketi kwenye kigoda. "Miaka thelathini na moja ya ndoa," akasema, "leo nimefungwa kwenye bampa."

Asubuhi nilimkabili Shekhe Mundhir kwenye mlango wa msikiti. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasugua paji la uso. Kiapo hiki, alisema, anakisikia kila wiki: kwa kondoo, kwa nauli ya teksi, kwa kikombe cha chai. "Kama baba yako alitaka kusisitiza tu na hakukusudia kumwacha mama yako, atalisha maskini kumi na gari litabaki. Lakini aje mwenyewe aniambie alikusudia nini. Wewe huwezi kunena nia yake."

Nilirudi nyumbani nikikimbia. Baba alikuwa akinyoa ndevu.

"Unataka niende nikamwambie Shekhe neno langu lilikuwa upepo?"

"Nataka ukamwambie hukukusudia kumwacha mama."

"Wanaume watano wamesikia, Tahani."

"Na uliponipa mimi walisikia watu wawili. Fundi wa mabomba yupo hai, nimwite?"

Akafuta povu sikioni. "Wewe sikukuapia."

Ilikuwa kweli. Nilipewa bila kiapo, kama mtu anavyopewa maji.

Mama akatokea mlangoni na taulo. "Gari lirudi," akasema. "Lirudi, Abu Wisam, liwe la binti yako kama ulivyosema. Mimi nitakwenda kwa kaka yangu mjini Salt nipumzike kukupikia."

"Umm Wisam, usitie utani kwenye dini."

"Nimetia mimi?"

Alimkabidhi taulo. Hapo nikajua sitasema tena. Angekwenda Salt kweli. Angekwenda kwa ajili yangu na kukaa kwenye chumba cha nyuma cha nyumba ya kaka yake, wake za watu wakimuuliza kila siku aliachwa kwa kosa gani, naye awaambie: taa.

Nilishuka bandani na bisibisi kung'oa kila kitu. Kiapo kilitaja gari, hakikutaja taa. Nilifungua kifuniko cha kisanduku cha fyuzi, nikachomoa fyuzi yangu, nikaitia mfukoni. Kisha nikaweka mkono kwenye paneli ya mlango na nikashindwa. Nilijua gundi ile ilivyoshika. Ningeng'oa, ningechana kila nilichokitengeneza. Nikafunga mlango.

Qusai alifika mara tu baada ya Asri, kijana mpole mwenye shati lililopigwa pasi, ana haya kuliko sisi. Alikuwa ameshaketi kwenye usukani, baba ameegemea dirisha akimwelekeza gia ya nyuma inavyokwama, nilipoona geti linasukumwa. Bi Inaam, na mkoba wake mkubwa.

"Ndilo hili?" akasema. Akainama, akachungulia ndani, akapitisha kidole chini ya dashibodi. "Hata waya mmoja hauonekani! Hii kazi ya nani?"

Alimuuliza baba, kwa kuwa baba ndiye aliyekuwa karibu. Baba akanitazama mimi, akamtazama Qusai. Akisema ni ya binti yake, Qusai atakwenda kumwambia baba yake, na ukoo mzima utajua kwamba Abu Wisam alitoa mali ya mtoto wake wa kike ili amnyamazishe Abu Nidal.

"Fundi mmoja wa mjini," baba akasema.

"Fundi gani?"

"Ni mimi, Bi Inaam," nikasema.

Baba akacheka. "Anakutania. Huyu ni mtu wa utani."

Bi Inaam alinitazama, akamtazama baba, kama mwalimu aliyeletewa daftari mbili zenye majibu sawa. "Washa, mwanangu," akamwambia Qusai.

Qusai akageuza ufunguo, akabonyeza swichi. Hakuna kilichowaka. Akabonyeza tena.

"Labda fundi wa mjini hakumaliza," Bi Inaam akasema.

Fyuzi ilikuwa mfukoni mwangu, ndogo kama punje ya ubani. Ningeweza kuiacha humo. Qusai angeondoka na gari la giza, baba angebaki na heshima yake, na mimi ningebaki mtu wa utani. Nilipita mbele ya baba. Nilifungua mlango wa dereva, nikamwambia Qusai asogeze miguu, nikapiga magoti na kuingiza mkono kwenye kisanduku bila kutazama. Mwanga wa asali ukamwagika kwenye viatu vyake.

"Mashaallah," Qusai akasema, kwa adabu kabisa. "Kumbe ni wewe, binti ami. Basi likisumbua nitajua pa kulileta."

Aliondoka na taa zikiwaka mchana kweupe. Barabarani hazikuonekana kabisa.

Baba aliingia ndani. Bi Inaam akanisogeza pembeni, karibu na doa la oili pale Lansa ilipokuwa. Nilimweleza yote, pamoja na kiapo.

"Kazi yako safi," akasema. "Sijaona safi kuliko hii, wala kwa wale wa mtaa wa magereji."

"Basi niletee."

"Nikuletee wapi?"

"Hapa. Kama tulivyokubaliana."

"Hapa ni kwa nani, Tahani?" Alisema polepole, bila ukali, na hilo ndilo lililoniuma. "Nitaleta gari la mwalimu Hanan, nitaleta gari la mjane wa mtaa wa pili, niyaweke kwenye banda hili. Siku baba yako akipata wageni, mmoja akasifu, nani atamzuia? Mimi nafundisha wanawake kuendesha. Wanaume wa majumbani kwao siwezi kuwafundisha."

"Hatarudia."

"Amekwambia?"

Nikatazama doa la oili. Akarekebisha mkanda wa mkoba. "Ukipata ua wako mwenyewe, nipigie hata alfajiri." Kisha akaenda, akalifunga geti taratibu, kama mtu anayetoka kwenye nyumba yenye mgonjwa.

Magharibi baba alinijia bandani. Nilikuwa nakusanya vipande vya utepe vilivyobaki na kuvikunja kwenye boksi la viatu. Alisimama akiisukuma kokoto kwa kiatu.

"Ulinidhalilisha mbele ya mtoto wa Dhaifallah."

"Ndiyo, baba."

Kokoto ikagonga ukuta.

"Nitakununulia jingine," akasema. "Zuri kuliko lile."

Niliinua macho. "Apa," nikamwambia.

Akafungua mdomo. Jikoni mama alikuwa akikata vitunguu, dirisha wazi, na kisu kikanyamaza. Baba akatazama kule, akaufunga mdomo, akaingia ndani.